Maneno Yaliyomo Kwenye Faili la Marlys Haugen

Marlys Haugen alikuwa na miaka hamsini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza kwenye kiti kimoja, ghorofa ya chini ya zahanati mojawapo ya Duluth, mji wa kando ya ziwa kaskazini mwa Marekani, akisoma maandishi ya madaktari. Kazi yake ilikuwa kugeuza ugonjwa kuwa namba. Daktari akiandika mguu umevunjika, Marlys hutafuta namba ya mguu ule, wa upande ule, na kwa namba hiyo bima huamua kama matibabu yatalipiwa. Sharti la kazi lilikuwa kali: usiweke namba ya jambo ambalo daktari hakuliandika, hata kama una uhakika nalo.

Mwaka huo wa 2017 kipandauso kilimwandama. Walijuana tangu usichana wake, kikija mara moja moja na kuondoka, lakini baada ya kufiwa na mumewe kilihamia kabisa. Kilianzia nyuma ya jicho la kushoto, kikashuka shingoni, na kila mwanga ukawa adui. Marlys alizima taa ya mezani kwake, akapunguza mwanga wa kompyuta mpaka herufi zikawa kama vivuli. Alikuwa akienda kutapika, ananawa uso, anarudi kusoma faili za watu wengine. Kwenye kalenda ya jikoni alitia alama kila siku ya maumivu. Januari zilikuwa kumi na saba. Februari kumi na tisa. Machi kumi na nane.

Vidonge vya aina tatu vilishindwa. Dakta Stenberg, aliyemtibu kwenye zahanati hiyohiyo, akamwombea sindano za kichwa, zile zinazochomwa kwenye paji la uso na shingoni kila baada ya wiki kumi na mbili. Bima wakakataa. Barua yao ilisema faili halionyeshi kwamba ugonjwa umekuwa sugu.

Aliisoma akiwa amefumba jicho moja. Hakuhitaji kuelezwa kosa liko wapi. Namba iliyotumwa lazima ilikuwa G43.909, kipandauso ambacho hakuna aliyesema ni cha aina gani. Aliyohitaji ilikuwa G43.719, kipandauso sugu kisichosikia dawa. Tofauti yake tarakimu mbili.

Wafanyakazi wa kitengo kile waliotibiwa hapohapo waliwekeana namba wenyewe kwa wenyewe, na za Marlys zilikuwa kwa Bev Tuominen, meza ya pili. Akamfuata.

"Bev, shoga yangu, ile namba yangu..."

"Usiendelee," Bev alimkatiza kwa upole. "Unajua siwezi kuigusa."

"Sijakuomba uiguse. Mwandikie daktari, muulize ni cha aina gani."

"Nilishamwandikia wiki mbili zilizopita. Kajibu kwamba ameandika alichoambiwa na mgonjwa."

"Mgonjwa si ndiye mimi?"

Bev alijifanya anatafuta kalamu. "Ndiyo, mwenzangu. Ni wewe."

Marlys alirudi kitini akiwa hajaelewa. Kulikuwa na njia halali ya kusoma faili lako: unajaza fomu, unasubiri siku kumi. Mfanyakazi aliyefungua faili lake mwenyewe kwa kompyuta ya kazini alikuwa akitafuta kufukuzwa, na yeye ndiye aliyewafundisha hivyo wageni wote wa kitengo. Saa tano asubuhi, kichwa kikigonga kama mlango wa banda penye upepo, aliandika jina lake, akalifungua.

Januari: mgonjwa anasema siyo mbaya sana. Februari: mgonjwa anasema anamudu, wapo wenye shida kuliko yeye. Machi: mgonjwa anasema hali ingeweza kuwa mbaya zaidi.

Daktari hakuzua hata neno. Ndivyo alivyosema, akitabasamu, koti mapajani. Ndivyo watu wa kule wanavyosema wote. Baba yake alikatwa vidole viwili na msumeno wa kiwandani, akaingia nyumbani na kuomba kahawa kwanza. Marlys alifunga faili, akaenda chooni akalia bila sauti, maana hata kulia kulimwongezea maumivu.

Jumanne alikwenda kwa Dakta Stenberg katikati ya shambulio, kalenda ya jikoni kwapani.

"Habari yako Marlys, tunaendeleaje leo?" daktari aliuliza, vidole tayari viko kwenye kompyuta.

Jibu la siku zote lilimjia mdomoni. Akalimeza.

"Vibaya, daktari. Naumwa siku kumi na nane kwa mwezi. Jana nililala sakafuni bafuni kwa sababu vigae vina baridi. Na kuna asubuhi natamani nisingeamka."

Daktari aliacha kuandika, akamgeukia.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na adabu."

Alimuuliza kama amefikiria kujidhuru. Marlys akasema hapana, amechoka tu. Daktari aliichukua kalenda, akahesabu, akaandika kila kitu, safari hii polepole.

Bev aliweka namba mpya siku ileile. Baada ya siku kumi na mbili bima wakakubali. Barua yao ilikuwa bado mezani kwa Marlys wakati Curtis Lofgren, mkuu wa kitengo, alipomwita ofisini na kufunga mlango.

"Mama Haugen, kompyuta inaonyesha ulifungua faili lako."

"Nililifungua."

"Ningependa uniambie ilikuwa bahati mbaya."

"Haikuwa bahati mbaya, Curtis."

Curtis alisugua uso wake kwa viganja. Alikuwa mmoja wa wageni aliowafundisha Marlys. Barua ya kuachishwa kazi ilikuwa imeshachapwa. Bima ya Marlys ilitoka kazini, nayo ingekoma mwisho wa mwezi.

Dakta Stenberg alimpangia tarehe ishirini na nane Aprili, siku mbili kabla ya bima kukoma. Sindano thelathini na moja, muuguzi akizihesabu kwa sauti. Bev ndiye aliyemrudisha kwa gari, barafu ingali ikielea ziwani.

"Ungejaza fomu, Marlys. Siku kumi tu."

"Wewe hujawahi kuzikaa siku kumi hizo."



Wiki ya tatu maumivu yalilegea. Marlys alipata siku nne mfululizo zisizo na kitu, akazitumia kuomba kazi kwenye zahanati sita. Mbili zilimjibu, zote zikitaka kujua kwa nini aliondoka alikokuwa. Dozi ya pili ilikuwa ya Julai. Julai ilimkuta hana kazi wala bima, amejifungia chumbani na blanketi juu ya dirisha, mkono juu ya jicho la kushoto.