Mlango wa Bibi Mwamini

Aliyenitoa nyumbani ni Hadija. Tulisomea ustawi wa jamii darasa moja, kisha mimi nikarudi Kigoma, yeye kwao Bujumbura, na kila tukipigiana simu hunisimanga: "We bado unafuata kile kitabu cha wazungu? Kuja Bwiza nikuonyeshe."

Asubuhi nilivuka mpaka, nikapita Nyanza-Lac na Rumonge, ziwa likiwa kushoto kwangu njia nzima. Kuingia Bujumbura foleni ikatuweka. Niliingia Bwiza, mtaani kwa Hadija, njaa inauma, akanishindilia ugali na ndagala, ndio dagaa wetu, hadi nikaomba huruma.

Kesho yake tulikwenda kwa Bibi Mwamini, anayemlea mjukuu wake Zuhura. Macho ya bibi yamefifia, na siku hiyo Hadija alipaswa kuamua kama mtoto ahamishiwe kituo cha kulelea watoto. Akaniachia nianze mimi. Nami, kama tulivyofundishwa, nikataka faragha: nikafunga mlango.

Bibi akanywea. Kila nilichouliza alijibu, "Niko muzuri."

Mara tukasikia kilio uani. Kumbe mlango ule haujapata kufungwa mchana! Jirani, Mama Shabani, alikuja analia, mkeka wa matanga kwapani, mtaa mzima nyuma yake.

"Bibi alituacha!"

"Mi? Nani alisema nimekufa?" bibi akafoka kutoka ndani.

"Sasa juu ya nini mulifunga mulango?"

Nilicheka kwa aibu. Hadija, kwa kuwa watu walikwisha kuja, aliutandika mkeka uleule, chai ikapikwa, akawauliza wote: Zuhura akae wapi?

Hapo ndipo bibi alipofungua kinywa. "Moto siuoni tena. Juzi nilijiunguza."

"Na hukutuambia!" Mama Shabani alikasirika kwelikweli. "Chakula nitapika mi. Mutoto aende wapi, na siye tuko hapa?"

Fundi cherehani wa jirani akasema atampeleka shule. Zuhura naye akaulizwa. "Nabaki kwa bibi," alisema. Hadija akaafiki, na vigelegele vikapigwa. Nami nilipiga, mgeni mzima.

Njiani kurudi niliwaza. Faragha ina kazi yake, yapo ya kusemwa wawili tu. Lakini sikuwahi kumuuliza mtu kama anaitaka.

Kigoma, siku ya kwanza niliporudi ofisini, aliingia mama mmoja na mwanawe. Nikainuka kufunga mlango, mkono ukasita kwenye kitasa.

"Mama, nifunge, au kuna wa kwenu tumwite?"

Akashusha pumzi. "Mwite dada yangu. Yuko hapo nje tangu asubuhi."