Ogaka Ndani ya Soksi

Hii sikuambiwa na mtu. Nimeona na macho yangu mawili, na kama ningekuwa na la tatu, hilo pia lingetoa machozi. Nilikuwa kwa ofisi ya mizigo ya basi hapa Kisumu. Bwana mmoja wa tai anatuma boksi mpaka eapoti Nairobi. Karani akafungua. Ndani ni ogaka, ile shubiri yetu chungu, imeng'olewa na mizizi, kila moja imevalishwa soksi kama mtoto wa nasari.

Mama mmoja wa Asembo akashika kichwa. "Woi, pole Baba! Kuku zako zote zimeshikwa?" Maana kwetu ogaka tunakata, tunatia kwa maji ya kuku wagonjwa.

"Mama, sina kuku."

"Na hii yote?"

"Ya wazungu. Wanaweka kwa dirisha."

"Inawafanyia nini?"

"Wanaangalia tu."

Mama akatuangalia sote kama wenda wazimu. "Umetoa wapi?"

"Kwa mawe, huko juu Asembo."

"Kumbe ni wewe! Jana nimepanda huko kukata ogaka, nikapata mashimo tu. Kuku zangu zinakufa, na wewe unavalisha dawa soksi?"

Karani akakuna kisogo na kalamu. "Bwana, si hii ya porini serikali ilikataza kung'oa na kuuza?" Lakini hakujua apime boksi ama azungushe simu kwa polisi. Mama akachomoa ogaka moja, akatia kwa kikapu, akatoka. Mpaka leo sijui mwizi alikuwa nani kati yao wawili.

Haya, mimi sidanganyi, naongeza tu chumvi. Hiyo ya kikapu niliongeza. Boksi lilipimwa, likapakiwa. Mama alirudi Asembo mikono mitupu.