Bibi Alipokuja Kumwona Sudi

Usiku ule nililala na kanga ya kutwa, mwanangu Sudi ubavuni. Wiki nzima nilikuwa sijamsemesha. Kliniki walishaniambia masikio yake hayasikii kitu, basi mimi, niliyeitwa chiriku mtaa mzima, mdomo ukawa mzito. Niliona ni sawa na kuongea na ukuta.

Mara naona mlango unafunguka, Bibi anaingia. Ndiye mama yake mama, alifariki Sudi hajazaliwa. Kajifunga kanga mbili, kope zimejaa unga.

"Mke mwenzangu, mume wangu yuko wapi?"

Ndivyo alivyonitania tangu utotoni. Nikamwambia, "Huyu hapa, Bibi. Ila hasikii."

"Hasikii nini?"

Sijajibu, hatumo tena chumbani. Tuko mashineni, alikokuwa akinipeleka kusaga mahindi, na mashine inanguruma mpaka meno yanacheza. Wanawake wamepanga foleni na ndoo zao, hakuna anayesikia la mwenzake. Lakini umbea hausimami! Huyu anachora tumbo kubwa hewani, yule anaziba mdomo, wa tatu kacheka mpaka kakaa chini.

Bibi kampakata Sudi, kakitia kiganja cha mtoto kwenye unga unaotoka, bado una moto. Sakafu inatetemeka, Bibi anatetemeka, na mwanangu anacheka ufizi wote nje.

Ghafla mngurumo ukakatika, ingawa mkanda wa mashine bado unazunguka. Ikabaki sauti ya Bibi tu.

"Anasikia njaa. Anasikia baridi. Harufu yako anaisikia ungali uani. Sauti ni moja tu katika hayo. Aliyenyamaza ni wewe, mjukuu wangu. Atadhani umemnunia."

Nikanyoosha mkono nimshike. Nikashika mto.

Kumekucha. Sudi yuko macho, ananikodolea, sijui ananingoja tangu saa ngapi. Nikamlaza kifuani, kiganja chake nikakiweka kooni kwangu.

"Sijakununia, baba. Haki ya Mungu sijakununia. Bibi alikuja kukuona, umemfurahisha, anasema wewe ni mume wake..."

Nikamwaga maneno ya wiki nzima, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni. Na kila nilipotua kuvuta pumzi, vile vidole vidogo vinanifinya shingo: endelea.