Udongo wa Chini ya Mvinje

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana niliamka nikakuta miche yangu ya mivinje imegeuka manjano tena, nami nikakaa kitaluni nikalia.

Nilikuwa bibi arusi mgeni huko Jilore. Baba yangu, mtu wa Mayungu ufuoni, hakutaka niolewe bara. Tuliagana kwa maneno makali, nikaapa sirudi kwake. Mimi na mume wangu hatukuwa na nyumba; tulilala chumba cha kuazima kwa mavyaa, mama yake mume wangu, na tegemeo letu lilikuwa mivinje hiyo: ikikua tukate nguzo na pau, tujenge kwetu. Mvinje hauchagui sana ardhi, hata mchanga mtupu huumudu, na ukiupanda karibu karibu hunyooka juu, haupati nafasi ya kutanua matawi. Basi yangu mbona yadhoofika? Nilimwagilia, nikatia samadi, wapi.

Mavyaa alikuja akang'oa mche mmoja, akanionyesha mizizi mitupu. Akanieleza kwamba mvinje mchanga hutaka udongo uliotoka chini ya mvinje mkubwa, uchanganywe kitaluni, ndipo mizizi itoe vinundu na mti upate nguvu. Kwetu Jilore wakati ule hakukuwa na mvinje mkubwa hata wa dawa. Kwa baba yangu ilijaa tele. Nikamwambia afadhali ife.

"Mwanangu," akasema, "hii miche haina ugomvi na babako. Chukua gunia, wende kwenu."

Nilikwenda nimenuna njia nzima, na wewe usicheke. Baba alikuwa akichanja kuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Nilipomweleza shida yangu aliweka shoka chini, akatwaa jembe, akafukua mwenyewe chini ya mvinje mkubwa kuliko yote. Gunia likajaa. Nikainama nilichukue, akanizuia.

"Zito hili. Nitakupeleka mpaka kwako."

Alisema “kwako”, mwanangu, yeye aliyekataa niolewe huko. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote za maisha yangu.

Udongo aliuchanganya yeye na mavyaa, wakibishania kipimo kana kwamba walijuana tangu utoto. Miche ikashika kijani. Tulipojenga, baba ndiye aliyechagua nguzo, na kila mvinje ulioangushwa akatuhimiza tupande mwingine, kwa kuwa ukikatwa chini hauchipui tena.

Basi ukienda kuanza maisha ugenini, mwanangu, usijifungie njia ya kurudi kwenu. Ukipungukiwa, nenda kaombe, hata kama mliachana vibaya. Huenda uliyemkasirikia anatafuta sababu tu ya kukuona, na haya imemshika kuliko wewe. Nawe ukiwa mzazi, mwanao akikujia na shida, mpe kwanza, lawama zitangoja.

Mungu akujaalie nyumba yenye amani na watu wa kukutembelea, na njia ya kwenu isiote majani. Amina.