Ndugu Yangu Alimzika Mama Bila Mimi, na Mshauri wa Mtandaoni Hataki Kuniambia Niende au Nisiende

Msimamizi wa ukurasa huu, ficha jina langu na shule nilizofundisha. Mengine yaache kama nilivyoyaandika.

Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu, Msabato, mjane, mkulima wa chai hapa Nyamira. Ninaishi na mwanangu wa mwisho na mkewe. Sina ugonjwa wa akili, ingawa watoto wangu waliniona sili vizuri wakanitafutia mshauri nasaha wa kuzungumza naye kwa video.

Asili yetu ni upande wa Nyamache. Mimi ndiye kifungua mimba wa mama yangu, na kwetu mwana wa kwanza ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini. Katika miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha Kitui. Simu za mkononi hazikuwapo. Mtu alipofariki, familia ilipeleka tangazo redioni, na aliyekuwa mbali alilisikia akafunga safari. Mama alipofariki, mdogo wangu, ambaye tulikuwa tumegombana juu ya mpaka wa chai, hakupeleka tangazo lolote. Alimzika Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia, huku mimi nikisahihisha mitihani.

Nilifika likizoni, siku ya soko. Muuza ndizi mmoja akanishika mkono. "Mwalimu, pole kwa Mama. Lakini hata serikali huwapa watu ruhusa ya kilio! Wewe ilikushinda nini?" Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha mama yangu, nikiwa nimesimama kati ya mikungu ya ndizi, na kwapani nimembebea blanketi jipya.

Nilimkuta ndugu yangu akinywa chai. Hakuinuka. Nilipomuuliza kwa nini hakunisubiri, alisema, "Mwana wa kwanza ni yule aliyekuwepo." Wazee waliokuwa pale wakatazama vikombe vyao. Nilikwenda kaburini, nikakuta udongo umekwisha kukauka. Blanketi nikarudi nalo Kitui. Baadaye nilinunua shamba hapa Nyamira, nikajenga, na Nyamache sijakanyaga tena.

Wiki chache zilizopita binti wa ndugu yangu alinipigia simu. "Baba mkubwa, baba hawezi kuinuka. Hospitali wameturudisha naye nyumbani. Kila gari likipita anauliza kama ni wewe."

"Anataka nini kwangu?"

"Hasemi. Anauliza gari tu."

Tangu hapo ndipo nilipoanza kurudisha chakula, na mwanangu akaniletea huyo mshauri. "Baba, huyu hatoi amri," alinieleza. "Mtazamo wake unamweka mtu mwenyewe katikati." Nilimwambia kwamba mimi sihitaji kuwekwa katikati, nahitaji jibu.

Mshauri ni mwanamke wa Nairobi, rika la kitinda mimba wangu. Aliniuliza kama angeweza kuniita kwa jina langu la kwanza. Nikamwambia aniite Mwalimu. "Sawa, Mwalimu. Muda huu ni wako," akasema, kisha akanyamaza. Aliyekuwa ameishika simu ni mke wa mwanangu, kwa kuwa mimi sijui kuiendesha. Sisi tuna adabu iitwayo chinsoni: kuna mambo ambayo baba mkwe hayasemi mbele ya mke wa mwanawe, na machozi hayamwagi mbele yake kamwe. Basi nikatazama ukuta. Mshauri akasema kwa upole, "Niko nawe katika ukimya huu." Nani alimwambia kwamba nimepungukiwa na ukimya?

Mara ya pili niliamuru simu iegemezwe kwenye chupa ya chai na mke wa mwanangu aende shambani. Nikaeleza yote, kisha nikauliza, "Niende au nisiende?"

"Nasikia kwamba umegawanyika, Mwalimu."

"Nimekuuliza swali."

"Ungependa mimi nikuamulie?"

"Ndiyo! Unadhani nimekaa hapa kwa nini?"

"Siwezi kukuchagulia. Naamini jibu unalo wewe mwenyewe."

Mwalimu akimjibu mwanafunzi hivyo, mkaguzi atamfukuza darasani. Kila nililompa alinirudishia lile lile, limepigwa pasi tu. Nikisema nina hasira, ananiambia anasikia hasira. Je, masikio ya kusikia hasira yangu ninayakosa nyumbani kwangu?

Mara ya mwisho alisema, "Leo tena umelitaja blanketi."

"Lilikuwa la baridi. Blanketi ni la nini kingine?"

Akasema, "Namsikia mwana aliyetaka kusubiriwa."

Niliifunika simu mezani huku bado akinitazama, nikatoka. Mke wa mwanangu alikuwa akichuma chai. Aliuona uso wangu, akageuka upesi, akaendelea kuchuma akiwa amenipa mgongo. Hajasomea ushauri wowote, na ana adabu kuliko yule aliyesomea. Mshauri amenipigia tena, sikupokea. Hawezi kuniambia niende, lakini aliweza kuniambia lile.

Leo asubuhi binti wa ndugu yangu amepiga simu tena. "Baba mkubwa, haulizi gari sasa. Amesema tu lango lisifungwe."

Blanketi liko sandukuni, halijakunjuliwa hata leo. Najua kwamba nisipokwenda sasa, atafariki, na safari hii nitaitwa. Watanipigia simu, watanisubiri, watanipa udongo nimtie. Nitapata haki yangu yote, naye hatakuwepo kunijibu kwa nini aliniibia ile ya kwanza. Nikienda, watasema alikosea na bado nikamfuata mimi mkubwa kitandani kwake, naye hajatamka neno samahani.

Nyinyi mko maelfu na hamnijui, basi msiniogope. Nishaurini, nifanye nini? Nijibuni niende au nisiende, na pasitokee hata mmoja wa kuniuliza ninajisikiaje.