Mboga za Kwenye Viroba

Kila mvua ikikatika, yule mjane wa kijiji cha Mgwashi hushika koleo akazoa mtaroni udongo ulioporomoka kutoka mashamba ya watu, akaujaza kwenye viroba, akapanda mchicha. Mikono yake haikauki tope, wala mdomo wake haukauki wimbo. Majirani walimcheka: shamba la marehemu mumewe si lipo, viroba vya nini?

Juzi shemeji yake akaja kulidai. "Shamba ni la ukoo, shemeji. Wewe mwanamke ni wa kupita tu." Mjane akacheka mpaka akajishika kiuno. "Haya, lichukue, baba. Ila mboga zangu zinapita na mimi." Akajitwisha kiroba cha kwanza, majani yakimchezea usoni. "Sasa mbona umesimama? Nibebee hicho kingine!" Shemeji akainama, akakibeba.