Mkono Uliolala Kibarazani

Alasiri moja nilisali nikiwa nimekaa kibarazani, mkono wa kulia nimeutundika nyuma ya kiegemeo cha kiti, na usingizi ukanichukua. Niliota nimesimama kivukoni Kigongo, ziwa limetulia, nami sina haraka ya kuvuka. Nilipoamka, kiganja kilining'inia, sikuweza kukiinua. Mke wangu akapiga yowe, "Kiharusi!"

Hospitalini, daktari, binti mdogo, aliniamkia, kisha akapitisha kidole chake polepole kutoka shingoni, chini ya mtulinga, kwapani, akazunguka nyuma ya mfupa wa mkono hadi mgongoni mwa kidole gumba.

"Mshipa wa fahamu unaoinua kiganja unapita hapa, babu. Umeulalia kwenye kiti. Utaamka, ila taratibu."

"Alikuwa anasali," mke wangu akanitetea.

"Sala ya kukoroma, bibi?"

Wiki zikapita. Nilisalimia watu kwa mkono wa kushoto, nikiomba radhi, nikiwaza ile njia nyembamba niliyoibeba miaka yote bila kuishukuru. Jumapili moja, tulipopeana amani kanisani, jirani alininyooshea mkono. Kiganja changu kiliinuka kidogo, kikaupokea.